Ng'ombe Niliowachora Jinsi Walivyo

Mwaka tuliohamishiwa kijijini, kila nyumba ilinuka udongo mbichi. Zilikuwa zimepangwa mstari mmoja kama wanafunzi paredini, na kuta zilikuwa hazijakauka; ukiegemea, unaondoka na tope mgongoni. Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja likizo, msichana wa aibu ambaye akisalimiwa na mgeni hujibu huku akitazama vidole vya miguu yake. Yale niliyoshindwa kuyasema niliyachora. Nyuma ya daftari la Jiografia nilipiga miraba kwa rula, nikamweka humo msichana mwenye shingo ndefu na masikio makubwa, yaani mimi, na kila siku nikamchorea yaliyonipata. Amesimama foleni ya sukari kwenye duka la ushirika mpaka ndege wanajenga kiota kichwani mwake. Amekwenda mkutanoni, tumbo la Mwenyekiti linafika kwanza, Mwenyekiti mwenyewe baadaye. Katibu wa kijiji, kijana aliyeletwa kutoka mbali, nilimfanya kipaza sauti chenye miguu miwili.

Msimu huo lilitoka agizo kwamba kila mji, yaani kila familia, upeleke sehemu kubwa ya ng'ombe wake kwenye zizi la kijiji. Baba hakubishana. Aliwaswaga ng'ombe wake wazuri hadi Nyansurura, akawaweka kwa rafiki yake, kama wazee wetu walivyozoea kutawanya mifugo ili ugonjwa au wezi wasimalize yote. Nilikwenda naye. Yeye aligeuza siku ileile. Mimi nikabaki siku mbili na mabinti wa mwenyeji, nikitazama zizi lile likizidi kujaa ng'ombe walioletwa na vijana nisiowajua. Siri hiyo ilinihusu kuliko mtu yeyote. Baba mdogo alikuwa ameshasema mbele yangu, bila hata kupunguza sauti, "Hawa wakichukuliwa, Bhoke akiolewa ataturudishia wengine. Shule si imemtosha?" Baba aliendelea kusokota kamba, na hilo likaninyima raha. Sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilichota maji yasiyohitajika, nikafagia ua uliokwisha kufagiwa, na mwisho nikafanya upumbavu: nikaichora safari ile na zizi lile lote.

Watu wote niliwabadilisha. Baba nilimpa ndevu, rafiki yake nikamnenepesha. Lakini ng'ombe niliwachora jinsi walivyo, kila rangi na baka mahali pake, pembe iliyopinda ikapinda. Kwetu ng'ombe anajulikana kwa rangi na mabaka, hata mtoto anamwambia mwenzake huyu ni wa mji fulani. Kumkosea ng'ombe baka lake niliona ni sawa na kumsingizia. Haikunijia hata kidogo kwamba nimeandika jina la baba kwenye kila ubavu wa ng'ombe wetu.

Ghati, rafiki yangu wa nyumba ya pili, tuliyesoma naye darasa moja, ndiye aliyelichomoa daftari kikapuni tukipalilia shamba la kijiji. "Jamani, njooni mwone kipaza sauti kinatembea!" Kicheko kikamleta Katibu. Alilichukua, akajitazama kwa muda. "Huyu ni mimi?" Akafunua ukurasa wa pili. "Na hawa ng'ombe wanaonyata kama wezi, ni wa nani?" Akampa Mwenyekiti, mzaliwa wa palepale. Baba alikuwa nyuma ya bega la Mwenyekiti, jembe limeganda mkononi. Kidole cha Mwenyekiti kilipita kwa ng'ombe mmoja, kikapita kwa wa pili, kwa wa tatu kikasimama.

"Katibu, huyu mtoto hajui kuchora ng'ombe," akasema. "Wa namna hii sijawaona Tarime nzima." Akalikunja daftari langu, akalitia mfukoni mwa koti.

Tukirudi nyumbani, nilingoja fimbo. Baba akauliza tu, "Yule mwekundu mwenye baka jeupe begani, ulimwona wapi?"

"Kwa rafiki yako, baba. Aliletwa kesho yake."

Baba akasimama. "Yule ni wa Mwenyekiti!" Akacheka mpaka akashika magoti. Tangu hapo, kila asubuhi Mwenyekiti alipopita alimwuliza, "Ng'ombe wazima?" Naye baba akajibu, "Wazima, Mwenyekiti. Wote." Likizo ilipoisha nilirudi shule.

Ghati hakurudi. Baba yake hakuwa na rafiki Nyansurura, na agizo alilitii lote. Kaka yake alipotaka kuoa, zizi lao halikuwa na ng'ombe wa kutosha. Kabla ya mavuno Ghati akaolewa huko Genkuru, na ng'ombe wa mahari yake wakamwolea kaka mke. Siku hizi viongozi huchorwa magazetini wana pua kama viazi, wengine hubandika picha hizo ofisini kwao na kujisifia. Mimi mwenyewe nachora bila kujificha. Juzi nilikutana na Ghati pale Bomani, tukashikana mikono tusiachiane.

"Bhoke, bado unachora?"

"Nachora."

"Basi nichore na mimi. Ila unichekeshe."

Mraba wake nimeupiga mara nyingi. Namchora shambani, daftari langu juu mikononi mwake, mdomo wazi kwa kicheko. Hapo mkono unasimama, maana mraba unaofuata naujua, na kichekesho cha kuweka humo bado sijakipata.