Matanga ya Jiwe

Sisi wa machimbo ya mawe kisiwani Manda tulikuwa na utani ambao leo nauchukia. Jiwe likimvunjikia mtu mkononi, baada ya kulichonga asubuhi nzima, mwenziwe alipiga ukelele, "Msiba!" Basi wachongaji wote waliweka mashoka chini, wakaja kumpa mkono wa rambirambi, nyuso wamezikunja kama wako matangani kweli.

Bingwa wao alikuwa mwenziwe baba shimoni, mtu wa bara aliyekuja kwetu hajui Kiamu, lahaja yetu, akaishia kukisema kutushinda. "Pole, bwana," humwambia mfiwa. "Marehemu alikuwa mwema, ila shoka hakulipenda. Ndiyo ndia yetu sote."

Kibanda chetu kilikuwa karibu na shimo. Mama akisikia ule ukelele hujibu kutoka jikoni, "Mzikeni hima muye mule, ndaa yauma!" Shimo zima likaangua kicheko, na cha baba kikivipita vyote.

Siku hiyo mama alikuwa akikuna nazi. Tukasikia, "Msiba!" Mama akajibu vile vile, wala hakuinua kichwa. Hakuna aliyecheka. Ukaja ukelele wa pili. "Leo limevundika kubwa," mama akaniambia. Mara yule mtu wa bara akatokea mbio, mikono damu tupu. Ukuta wa shimo ulikuwa umemwangukia baba. Nilikimbia nikamkuta chini yake, na walipomtoa alikuwa ameshakufa.

Mama alikililia kifo, lakini alililia zaidi jibu lake. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia, "Mimi ndiye niliyesema mume wangu azikwe hima. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake." Wakamwambia ni kadari ya Mngu. Haikumsaidia kitu.

Yule mtu wa bara alikuja, akakaa mlangoni. Pole zake zote alikwisha kuyapa mawe. Mwisho akasema, "Bi, alikusikia. Alikuwa hai bado. Aliteka."

"Aliteka?"

"Wallahi, Bi. Kicheko chake kile kile. Aliteka."

Usiku ule mama alikula.

Hata sasa, kila akija kututazama, mama humwomba aeleze tena, naye hueleza. Lakini mimi niliuona ukuta ule ulivyomlalia baba kifuani, na najua hakuna anayeweza kucheka chini yake. Humkaribisha yule mtu wa bara chai.