Mtu wa Saba wa Nyumba ya Shafiq

Shafiq Sibomana ni fundi cherehani wa Gitega, na mtaani watakwambia suruali zake hazina mfano, ila ukimpelekea kitambaa ujiandae kuzeeka. Si mvivu. Shida ni kwamba Shafiq ndiye mkuu wa mudugudu, ile ngazi ya chini kabisa ya serikali: nyumba arobaini na mbili zilizobanana kwenye mteremko. Juu yake kuna kagari, juu ya kagari kuna murenge, juu ya murenge kuna wilaya, na huko juu kila mmoja ana kiti chake na meza yake. Yeye ana cherehani na daftari, na mshahara hana. Mtoto akizaliwa, anaandikwa kwake. Mgeni akija kulala siku mbili, anaandikwa kwake. Mke na mume wakirushiana sahani, wanaletwa hapo hapo na kusuluhishwa huku pindo la mtu linashonwa. Jina lake hasa wachache wanalikumbuka, wengine wanamwita Mudugudu tu.

Amechaguliwa mara tatu. Mkewe, Alida, alilia ile ya kwanza na ya pili. Ya tatu alikwenda zake kupika.

Kosa lake moja kubwa alilifanya kwa moyo mweupe, na hapo ndipo panapouma. Yapata miaka kumi iliyopita, Gahongayire, mama mtu mzima anayeishi peke yake ukuta kwa ukuta na Shafiq, aliharibika nyonga. Sasa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya umuganda, na kila nyumba lazima itoe mtu mmoja wa kuzibua mitaro na kufyeka. Umri wa kusamehewa Gahongayire alikuwa hajaufikia, na nyumbani kwake mtu wa kutoa alikuwa yeye tu. Akawa anakuja na jembe, anaburuta mguu, na siku ambazo hakuweza kuja jina lake lilisomwa mbele za watu na kufuatiwa na kimya. Shafiq hakuweza kuvumilia kile kimya. Alifungua daftari, akaifuta nyumba ya Gahongayire, akamwandika kuwa mtu wa saba wa nyumba yake mwenyewe, baada ya Alida na watoto wanne. Tangu hapo Shafiq akishika sepeto, ameshika kwa niaba ya wote. Aliwatangazia watu mkutanoni, nao wakacheka na kumpigia makofi. Nani angepinga jambo kama hilo?

Miaka ikaenda. Kisha mteremko ukaanza kumeguka. Masika iliyopita ukuta wa Cécile, muuza ndizi, ulianguka juu ya kitanda cha watoto, na watoto wakatolewa kwenye tope wakiwa wazima kwa bahati tu. Ikaamuliwa watu wote wahamishwe, wapewe nyumba za ghorofa upande wa Masaka. Kila nyumba iliyoandikwa ingepata mlango wake. Wazee wanaoishi peke yao wangepewa vyumba vya chini. Familia zingepanda juu.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa kagari siku ya Jumatatu, na Shafiq akaenda kuisoma miwani ikiwa mkononi. Jina lake alilikuta: watu saba, ghorofa ya nne, wahame Ijumaa. Jina la Gahongayire hakuliona. Alitafuta mpaka akapata namba ya kile kijumba chake, na mbele yake pameandikwa jiko. Wapimaji walikuwa wameuliza daftari, daftari likasema hapo hapakai mtu, basi wakaona ni jiko la Shafiq.

Aliingia kwa gitifu, yaani katibu wa kagari, Kaliza, binti aliyekulia Uganda, mchapakazi asiye na dharau.

"Gitifu, hii liste iko na kosa," Shafiq alisema. "Gahongayire iko na nyumba yake."

"Muzehe, daftari iko inasema ni wa kwako. Miaka kumi iko inasema hivyo. Na umesaini wewe."

"Nilimwandika kwangu sababu ya mguu. Ya umuganda tu."

Kaliza aliweka kalamu chini akamtazama kwa huruma, na ile huruma ilimtisha Shafiq kuliko kama angefokewa.

"Naweza kuifungua hii liste tena," alisema. "Lakini nikiandika kama daftari iko na uongo moja, watauliza zingine ni ngapi. Watahesabu mudugudu mzima upya. Funguo za watu wote zitangoja, labda miezi ine. Na mvua iko karibu."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, Ijumaa munahama wote, na yeye anahama na wewe. Kesho iko inteko ya wananchi. Uliza watu wako. Chenye watasema, nitaandika."

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Shafiq alikwenda murenge, akaambiwa hayo ni ya kagari. Alikwenda wilaya, akasimama foleni mpaka adhuhuri ikampita, na dirishani akaambiwa kwa adabu kabisa kwamba mwenye kujua nani anakaa wapi ni mkuu wa mudugudu. Yaani yeye. Alicheka pale dirishani, kicheko kibaya, na watu wa nyuma yake wakasogea kidogo.

Jioni ile alimkuta Gahongayire, ambaye mtaani anaitwa Mukecuru, yaani bibi, mlangoni anachambua maharage, akamweleza yote bila kuficha. Vidole vya mama yule viliendelea na kazi.

"Gorofa ya ine," alisema mwishowe. "Na huu mguu, mwana wangu?"

"Tutakaa pamoja, Mukecuru. Alida amekubali. Utalala na wasichana."

"Najua Alida atakubali. Nyinyi muko watu wazuri." Alitupa punje mbovu uani. "Lakini mimi asubuhi nafungua mlango, nakaa kwa jua, nasalimia watu. Kule juu nitasalimia nani?"

Shafiq, mtu wa miaka hamsini na tisa, alilia palepale kizingitini. Aliona aibu, lakini machozi hayakumsikiliza.

Jumanne, kwa mkutano huo wa inteko, watu walijaa kwenye kiwanja cha mudugudu. Kaliza alikaa na karatasi zake. Shafiq alisimama akalitaja kosa lake waziwazi, kisha akawaomba. Wangojee kidogo tu, mama huyu apate mlango wa chini.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa rahisi kama wangemtukana. Cécile ndiye aliyesimama, kitenge kimekazwa kiunoni, na macho yake mekundu.

"Mudugudu, mimi nakupenda, na huyu mukecuru amelea watoto wangu. Lakini nyumba yangu haina ukuta. Miezi ine mimi nitalala wapi? Na wewe ulisema yeye ni wa kwako. Ulisema hapa, sisi tukapiga makofi."

Mzee Mutsinzi, anayeishi chini kabisa penye mtaro, alitikisa kichwa polepole akikubali.

Kwenye mudugudu kura haipigwi kwa karatasi. Kila upande unamsimamisha mtu, na wewe unakwenda kupanga mstari nyuma ya unayemtaka, mbele ya macho ya jirani zako. Kaliza akasema wanaotaka kuhesabiwa upya wakae nyuma ya Gahongayire, na wanaotaka orodha ibaki wakae nyuma ya Shafiq, kwa kuwa orodha ni yake.

"Mimi sitaki ibaki," Shafiq alisema.

"Najua, Muzehe. Simama tu, watu wahesabike."

Akasimama. Cécile alikuja nyuma yake, akilia. Mzee Mutsinzi akaja. Wakaja wengine, mmoja mmoja, wakitazama chini, wengine wakimgusa bega walipopita kana kwamba wanampa pole ya msiba. Mstari ulirefuka mpaka ukafika ukingoni. Upande wa pili Gahongayire alikuwa amesimama na fimbo yake, na nyuma yake palikuwa patupu. Shafiq alitoka mahali pake, akavuka kiwanja, akaenda kusimama nyuma ya mama yule.

Gahongayire aligeuka. Aliutazama mstari ule, akawatazama watoto wa Cécile waliokuwa wamekaa mchangani.

"Twende," alisema.

Alimshika Shafiq mkono, wakavuka wote wawili, taratibu kwa sababu ya nyonga, mpaka mkiani mwa mstari. Shafiq alijaribu kusimama njiani, lakini yule mama hakumwachia mkono.

Kaliza alihesabu mara mbili. Kisha akaandika kwamba wakazi wote wameafiki, pamoja na mhusika mwenyewe, akampelekea Shafiq kalamu. Shafiq alisaini, herufi zikienda upande.

Ijumaa alimbeba mgongoni ngazi zote mpaka ghorofa ya nne, akipumzika kila kona, naye Gahongayire akimwomba radhi kwa uzito wake. Misimu miwili ya mvua imeshapita tangu siku hiyo, na mama yule hajashuka hata mara moja.