Madirisha ya Nyumba ya Mchungaji

Tofali la kuchoma likilowa mvua lina harufu yake, ya udongo uliokwisha kupita motoni. Nikiinusa popote, narudi Karatu ya miaka ya sabini, nimesimama mdomo wazi mbele ya nyumba ya mchungaji.

Baba alipopewa usharika, nyumba ilikuja pamoja nao. Mzungu aliyeijenga zamani alisemekana kuiga nyumba ya kasisi wa kijijini kwao Uingereza: matofali mekundu, ghorofa, paa lililochongoka, dohani ndefu, na madirisha marefu yenye matao. Mimi, binti mdogo, niliamini kabisa kwamba Mungu akitembelea Karatu atafikia kwetu.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa bado anaishi kwenye nyumba ya Kiiraqw ya zamani, iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake la udongo limeota majani kama malisho. Mvua za masika zilibomoa upande mmoja, na kifua chake kikaanza kukoroma. Baba alinong'ona katika sala kwamba kipupwe kingine mle kitamuua. Nilimsikia, nikaogopa sana. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kuburutwa.

"Nitaiona kwanza," alisema. "Isiponifaa, narudi kwangu."

Alifika kwa miguu, akaizunguka nyumba yote polepole, akipapasa matofali kwa kiganja. Kisha akauliza, "Hii inaonekana kutoka wapi?"

"Kote, Mama," Baba akajibu kwa fahari. "Hata ukiwa kilima cha ng'ambo."

Bibi akaketi kwenye majani, akalia. Nikajua hataki kukaa nasi. Nilimshika mkono nikambembeleza, "Bibi, ndani kuna moto mzuri!" Hakunisikia. Alikuwa anamtazama mwanawe.

"Na usiku mnalala?"

"Tunalala, Mama."

"Wote?"

"Wote."

Akafuta uso kwa shuka yake, akaingia. Mama alikuwa amemtandikia chini, karibu na moto, lakini Bibi alinyoosha fimbo kuelekea juu. Akapanda ngazi kwa mikono na magoti, hataki kushikwa, na hakurudi tena kilimani.

Kila asubuhi alifungua dirisha kubwa la juu, akakaa hapo na kumsalimu kwa sauti kila apitaye barabarani, amjue asimjue. Sisi watoto tuliona aibu. Tulisema uzee umemfika.

Nilikuwa mama wa watoto nilipoelezwa na Baba. Utotoni mwa Bibi, wezi wa ng'ombe walikuja usiku, na nyumba nzuri ilikuwa ile ambayo mpita njia aliiona majani matupu. Nyayo zikisikika juu ya paa, mama yake alimziba mdomo kwa kiganja mpaka zipotee. Alikua hivyo, akazeeka hivyo. Kumbe Bibi, pale dirishani, alikuwa anajifunza kuonekana.