Jumamosi Tuliyomficha Mwimbaji Msiba

Bendi yetu ilipiga muziki wa kantri, na usicheke. Wazungu vijana wenye ndevu waliokuja kutusikiliza Jeppestown, huku kusini mwa Afrika, kwenye gereji ya zamani iliyogeuzwa baa, walisema ni kantri mbadala. Mbadala wa nini, sijui. Sisi tulipiga nyimbo za huzuni kama zile za redio za utotoni, halafu katikati mpiga solo, Mkongo mwenzangu, anachoka na huzuni, anaingiza sebene, lile gitaa la kuchezesha watu. Mimi nilipiga besi. Siku za kazi nilisuka nywele Hillbrow.

Mwimbaji wetu alikuwa Mrundi, Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi, mpole kupita kiasi. Mimi na domo langu nilimgombeza kama mdogo wangu wa tumbo moja. Karatasi yake ya ukimbizi haikumruhusu kurudi nyumbani, na mama yake alikuwa hoi kitandani huko Bujumbura. Kila asubuhi alimpigia simu, akamwimbia.

"Dada," aliniambia, "najua sitamzika. Lakini siku hiyo ikifika, kaka yangu atashika simu pale kaburini, nimwombee, nimuage wakati anashushwa. Nimebakiwa na hicho tu."

Naapa nilimsikia.

Wakati wa shoo simu zote zilikaa kwenye mkoba wangu. Jumamosi moja mwaka 2017, saa saba na nusu mchana, yeye akiwa nje anapakua spika, simu yake ikalia. Alikuwa dada yake. Mama ametutoka asubuhi hii, alisema, akaanza kulia, mwambie upesi. Nikasema pole, mpenzi, nitamwambia.

Sikumwambia. Kwetu Bukavu mtu hapewi msiba amesimama. Unamkalisha, unamlisha, unawaita wakubwa, ndipo mmoja wao anasema, tena taratibu. Nilishamwona mwanamke aliyeambiwa njiani, akaanguka palepale barabarani. Nikawanong'oneza mpiga solo na mpiga ngoma, wote Wakongo. Wakasema sawa, tupige kwanza, jioni tumpeleke kwangu Bellevue, ale, tumwite mzee mmoja wa Kirundi amwambie. Kuhusu kaburi tulidhani tuna muda. Kwetu maiti hungoja siku tatu, nne, mpaka mjomba wa mbali afike. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba Waislamu hawangoji. Na mimi nimekua na majirani Waislamu! Mpumbavu mimi.

Saa nane tukapanda jukwaani. Kabla ya wimbo wa kwanza akashika maiki, akawaomba watu wamwombee mama yake apone. Wakapiga makofi. Mpiga ngoma akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze. Niseme sasa, mbele ya watu wote wale? Nikapiga besi huku machozi yananitoka, na msichana mmoja wa mbele akaniinulia dole gumba, akidhani ni muziki umenishika. Mkobani, kando ya mguu wangu, simu yake iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Nikajua ni watu wanaotoa pole. Siku ile aliimba kuliko siku zote, jamani.

Tulimaliza saa kumi na nusu. Nyumbani nikamkalisha, nikampa ugali na sombe ya majani ya muhogo, akala akisifu. Mzee akafika, akanivuta mlangoni.

"Wamezika saa ngapi?" akauliza.

Ndipo nikakumbuka kwamba Waislamu huzika siku ileile.

Mzee aliingia, akamwambia. Yeye akaomba simu yake, akampigia kaka yake. Walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Walimzika baada ya alasiri, saa kumi, na kabla ya kumshusha walimpigia mara tisa.

Nikapiga magoti. "Nisamehe, mdogo wangu. Kwetu sisi..." Angenitukana ningepata nafuu. Alinawa mikono, akaifuta polepole, akanitazama.

"Saa kumi tulikuwa tunapiga wimbo gani?"

Nilijua. Ulikuwa ule wenye sebene ndefu. Watu walipanda juu ya viti, na yeye mwenyewe aligeuka akicheka, akatuambia turudie.

"Sikumbuki," nikasema.

"Mimi nakumbuka," akasema.