Moshi wa Alhamisi

Saa moja kasorobo asubuhi, siku ya Jumanne, Siwema Mbaraka ananawa mikono kwa maji matupu, bila sabuni. Haipangusi kwenye kanga. Anaiacha ikauke kwa upepo, kisha anapanda ngazi ya miti yenye vipawa vitatu na kufungua kisanduku cha bati kilichokaa juu ya nguzo, hatua ishirini nyuma ya nyumba yake.

Ndani ya kisanduku pampu ndogo inakoroma kwa nguvu za betri ya gari. Inavuta hewa mchana na usiku, na hewa hiyo inapita kwenye karatasi nyeupe ya mviringo, kubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi tano. Siwema anaitoa karatasi ya jana kwa kibanio, anaiinua usawa wa macho na kuigeuza huku na huku.

"Kwa jicho langu hii ni nyeupe pe," anasema. "Lakini jicho langu siku hizi siliulizi kitu."

Anaitia kwenye kikopo, anaandika tarehe, anaweka karatasi mpya. Dakika kumi, kazi imekwisha. Kwa dakika kumi hizo za kila asubuhi, Idi na Jumapili zikiwemo, mradi unamlipa shilingi mia nne kwa mwezi. Na kwa dakika kumi hizohizo, mdogo wake wa tumbo moja, Zahoro, leo hii haruhusiwi kukanyaga shamba lake la mikorosho.

"Usiniulize imekuwaje," anasema akishuka ngazi. "Mimi mwenyewe kichwa kinaniuma. Nilianza na vumbi, nikaishia na ndugu yangu."

Kimangeni ni kijiji cha kaya mia moja na kumi, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka stesheni ya reli ya Mzenga, wilayani Kisarawe. Kisanduku kililetwa Juni 1982 na mradi wenye ofisi yake Kibaha. Maua ya mikorosho yalikuwa yanakauka kabla ya kuzaa, na wataalamu walitaka kujua upepo unabeba nini. Siwema, mjane wa miaka thelathini na tisa aliyejifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima, alichaguliwa kwa kuwa mwandiko wake unasomeka na nyumba yake iko upande unakotokea upepo.

Aliyemfundisha kazi ni Evodius, mtaalamu kijana kutoka Bukoba. Alimwambia karatasi asiishike kwa kidole, asijipake mafuta ya nazi asubuhi, asijifukize udi. Hata jasho lake, akamwambia, linaweza kufika Ulaya likaonekana.

Maana karatasi hizo husafiri. Kila baada ya wiki mbili Siwema huzipeleka Kibaha, kwa lori hadi Mlandizi na kwa gari lolote litakalopatikana kutoka hapo. Watu wa Kibaha huzituma Ulaya kwa ndege. Huko maabara, vumbi ambalo jicho halilioni hupigwa na mwanga wa leza, mwanga mwembamba kuliko uzi na mkali kuliko jua la Februari. Punje inapasuka vipande vipande. Vipande hivyo hukimbizwa ndani ya bomba refu, kila kimoja kwa uzito wake: vyepesi hutangulia, vizito hufuata. Kwa kuangalia nani kafika lini, wataalamu wanajua kama punje ilikuwa mchanga, chumvi ya bahari, au moshi, na moshi wa kitu gani.

Siwema alisikiliza maelezo hayo mara tatu, na mara ya tatu akauliza, "Sasa hilo vumbi likishapasuliwa, wanaliunga tena?"

"Hapana, Ndugu Siwema. Limekwisha."

"Kwa hiyo shahidi anauawa kwanza, halafu ndiyo anatoa ushahidi?"

Evodius alicheka hadi akavua miwani. Kisha akakiri kwamba mashine yenyewe hata yeye hajaiona ila kwenye picha.

Mwaka ule mvua za vuli zilikataa. Watu wakaanza kutazama kisanduku kwa jicho la pembeni. Kitu kinavuta upepo kutwa kucha, wakasema, kitashindwaje kuvuta mawingu? Asubuhi moja Siwema alikuta bati limebonyea kwa jiwe. Wiki iliyofuata, mawe mawili.

Aliyeyazuia mawe ni Bi Mwanakheri, msomaji wa dua wa kijiji, mwanamke wa sauti kubwa na maneno machache ya kubembeleza. Alikuja na chetezo chake cha kufukizia ubani mkononi.

"Mgeni akikaa mjini mwa watu hufukizwa," akatangaza. "Alhamisi kwa Alhamisi, baada ya alasiri, kisanduku hiki kitapata ubani wake na dua yake. Tuone nani atakitupia jiwe."

Ikawa hivyo tangu Januari 1983. Bi Mwanakheri alizunguka nguzo mara saba akisoma, na Siwema nyuma yake akiitikia. Mawe yakakoma. Masika ikanyesha kiasi, na watu wakasema, ahaa, sasa kimetulia.

Kwenye daftari la mradi kuna safu iliyoandikwa "Moshi uliopita jirani." Mtu akichoma majani, Siwema anaandika. Jiko la harusi, anaandika. Alhamisi zote aliandika neno moja: hakuna.

Mambo yaliharibika Agosti mwaka huu wa 1984, Evodius alipokuja na barua kutoka maabara. Ulikuwa mkutano wa kijiji, na Mwenyekiti alimpa nafasi ya kwanza. Evodius akaeleza kwamba karatasi zinazotolewa Ijumaa, zile zilizokaa kazini kutwa ya Alhamisi, zina masizi yasiyo na wenzake. Si moshi wa kuni, maana moshi wa kuni upo siku zote. Ni mkaa. Karatasi hamsini na nane za Ijumaa zilizokwisha kupimwa, zote hivyohivyo, na siku nyingine hamna.

"Huenda kuna tanuri la mkaa karibu," alisema. Alisema "huenda." Siwema anaapa alilisikia neno hilo, ila anadhani alilisikia peke yake.

Karibu na Kimangeni pana msitu wa hifadhi, na kuchoma mkaa humo ni kesi. Macho yote yakamgeukia Zahoro. Alichoma mkaa hadi mwaka 1980, akaacha, akapanda mikorosho. Na kila Alhamisi, kijiji kizima kinajua, Zahoro hupanda baiskeli akapotea hadi jioni.

"Pafukapo moshi hapakosi moto," mtu akasema kutoka nyuma.

Mwenyekiti akamuuliza Alhamisi huwa yuko wapi. Zahoro akainama. Akaulizwa tena. Akajibu, "Kwenye shughuli zangu." Jibu gani hilo, jamani! Kamati ikakata shauri siku hiyohiyo: asikanyage shamba mpaka aonyeshe tanuri lilipo na awataje wenzake, na ikifika mwisho wa Januari hajasema, mikorosho yake mia mbili na arobaini apewe mtu mwingine.

Jioni ile Siwema alimbana. Ndipo Zahoro akamwambia dada yake, kwa aibu ya mtu wa miaka thelathini na nne, kwamba Alhamisi huenda Kwala kumwona mjane mmoja anayetaka kumwoa. Posa haijapelekwa, na jina la mwanamke wa watu hawezi kulimwaga mkutanoni.

"Nilimwamini," Siwema anasema. "Halafu nikaikumbuka mashine. Haina ndugu ile, haina adui, itamsingizia kwa lipi? Nikimwamini Zahoro, mashine ni mwongo. Nikiiamini mashine, ndugu yangu ni mwongo. Wiki tatu nililala hivyo, nusu huku nusu huku."

Mwezi Septemba, Alhamisi kama Alhamisi nyingine, Bi Mwanakheri alikuwa kwenye mzunguko wa tatu ubani ulipoacha kufuka.

"Siwema, limezimika hili. Lete kaa jingine."

Siwema akaenda jikoni. Kimangeni watu wanapikia kuni, lakini nyuma ya jiko lake lipo gunia kuukuu la mkaa ambalo halitumii ila kwa chetezo. Akatoa kaa, akaliwasha, akarudi nalo juu ya kigae. Bi Mwanakheri akalipokea, akatia ubani, na moshi ukapanda mweupe, ukajipinda, ukaingia kwenye mdomo wa kisanduku.

"Nikasimama na kigae changu," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Nikasema, ala! Mkaa. Huu si mkaa? Na Alhamisi si ndiyo leo? Miaka karibu miwili naleta kaa la moto kwa mkono wangu mwenyewe, halafu naenda kunawa nisije nikachafua karatasi!"

Na lile gunia lilitoka wapi? Alipewa na Zahoro mwaka 1980, mabaki ya tanuri lake la mwisho. Mashine haikukosea hata kidogo. Mkaa ulikuwa wa Zahoro.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini siku nne nzima Siwema hakusema. Aliogopa, na anasema wazi kwamba aliogopa. Akisema, karatasi zote za Ijumaa zimeharibika na kazi yake ya shilingi mia nne itakuwa na maswali. Akisema, Bi Mwanakheri ataona amedhalilishwa mbele ya watu. Ubani ukikoma, mawe yatarudi. Asiposema, ndugu yake anakwisha.

Siku ya tano alipanda lori. Ofisini Kibaha, Evodius alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafungua daftari.

"Ndugu Siwema, hapa pana Alhamisi zaidi ya themanini. Zote umeandika hakuna."

"Uliniuliza moshi."

"Na ubani je?"

"Ubani ni ubani, Bwana Evodius. Moshi ni wa jalala, ni wa kuni. Nani anauita ubani moshi?"

Kijana wa watu aliisoma upya ile safu ya moshi. Anakiri leo kwamba naye alichanganyikiwa: safu ile aliichora yeye, na hakuwahi kuuliza Alhamisi kijijini kunafanyika nini. Lakini maneno ya dada hayatoshi kumtoa kaka, akamwambia, watu watasema unamkinga. Lazima mashine iseme yenyewe. Ubani uendelee vilevile, kwa mkaa uleule, ila ubadilishwe siku. Mkaa ukihama na ubani, basi tanuri ni chetezo.

Kumwambia Bi Mwanakheri ndiyo ilikuwa kazi. Siwema alimkuta uani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama kama mdeni?"

Alipoelezwa, ungo ulimdondoka. "Ubani wangu unapelekwa Ulaya kupigwa taa! Nimemkosea nani mimi?"

Akaanza kuokota punje moja moja. Siwema akaokota naye. Mwishowe bibi akauliza, bila kuinua uso, kama ni kweli Zahoro ana mchumba Kwala. Siwema akasema kweli.

"Jumatatu ndiyo siku aliyozaliwa Mtume," Bi Mwanakheri akasema. "Jumatatu haina ubaya."

Ndiyo maana leo, Jumanne, Siwema anaitazama karatasi ya jana kwa muda mrefu kuliko zote. Karatasi sita za namna hii zilipanda ndege mapema Novemba. Jibu linatarajiwa kabla Januari haijaisha. Wakati huohuo korosho za Zahoro zinaanguka na kuoza chini, kwa sababu Mwenyekiti amesema shauri ni shauri mpaka barua ije. Wako wanaosema Siwema amebuni kisa kizima, na mawe hayajarudi bado lakini salamu zimepungua.

Zahoro mwenyewe yuko ugenini katika ua wa dada yake, anasuka kamba. "Mimi nimefungwa na mkaa nilioutubia," anasema, anacheka, kisha hacheki. Posa ya Kwala imesimama, maana mahari yake yako juu ya mikorosho.

Evodius hakumficha Siwema. Jibu likiwa la mkaa wa chetezo, karatasi za Ijumaa za mwaka mzima na zaidi zitatupwa, na mradi huenda ukatafuta mtu mwingine wa kupanda ile ngazi. Jibu likiwa vinginevyo, kazi yake iko palepale, na Zahoro ndiye mwongo.

"Sijawahi kuona kesi ya namna hii," Siwema anasema. "Watu wote huomba watoke safi. Mimi naswali sala tano naomba nikutwe na kosa. Waipige hiyo Jumanne kwa mwanga wao, waipasue, waukute mkaa. Kazi ikienda, iende. Nitaokota korosho na ndugu yangu."

Anakaa kizingitini na kufungua daftari la mradi magotini. Kalamu inakwama kwanza, anaipulizia pumzi, inaandika. Kwenye safu ya moshi, kwa ule mwandiko wake unaosomeka, anajaza habari za jana: "Jumatatu, saa kumi alasiri. Ubani. Makaa mawili. Nimeleta mimi."