Mfyeka nyasi wa mpakani ambaye hakuulizwa

Jua linachomoza upande wa Amukura na umande bado haujakauka. Nathaniel Ikapel anainama, anazungusha slasha yake, nyasi zinalala. Mbele yake imesimama nguzo ya saruji. Kulia ni Kenya, kushoto ni Uganda.

"Kazi yangu ni kufanya mpaka uonekane," anasema. "Ukiacha mvua moja tu bila kufyeka, hakuna mtu atajua uko wapi."

Ikapel, anayekaribia miaka sitini, ni kibarua wa serikali kati ya Busia na Malaba. Mshahara wake haumalizi mwezi, ila kazi yenyewe aliizoea mapema, kwa kuwa nguzo hizi zilibebwa na baba yake.

"Baba alizaliwa Uganda," anaeleza. "Waingereza wakakaa huko kwao, wakasema hapa sasa ni Kenya. Yeye hakuhama hata hatua moja. Baadaye wakamwita abebe nguzo kwa kichwa. Alidhani ni za nyumba ya DC."

Kwa miaka mingi mpaka huo haukumsumbua mtu. Dada yake, Adeke, aliolewa ng'ambo, mwendo mfupi tu kutoka kwake. Mama yao alipoanza kuugua, alihamia kwa Adeke, na Ikapel alivuka kila Jumapili kumjulia hali.

Mwaka jana serikali mbili zikagombana. Wanajeshi wakaletwa, mpaka ukafungwa. Wiki hiyohiyo Adeke alikuja hadi ukingoni mwa nyasi, akapaza sauti: mama amekufa.

Ikapel alimwendea ofisa aliyekuwa zamu, akaomba ruhusa ya siku moja. Anayakumbuka maneno yao vizuri.

"Mzee, nikikuachilia wewe, kesho kijiji kizima kitakuja," ofisa alimwambia. "Serikali inakulinda, na wewe unatii. Hayo ndiyo makubaliano."

"Tulikubaliana lini, boss?"

"Ulizaliwa ndani yake."

Kesho yake waombolezaji wa ng'ambo walimbeba mama kwa kitanda, wakasimama pale wanajeshi wao walipowaruhusu. Ikapel alikuwa amefyeka siku chache kabla, kwa hiyo aliwaona wote bila kizuizi, hata shuka la mama. Akachota udongo, akaurusha kwa nguvu zake zote. Haukufika. Ulianguka katikati, kwenye nyasi fupi.

Anapangusa slasha kwa kiganja.

"Adeke alinitazama tu. Akaniambia, 'Uko karibu hivi na huvuki?' Hajaongea na mimi tena. Labda wangenipiga risasi. Labda hawangenipiga. Hiyo 'labda' ndiyo hunitesa."

Njia ilipofunguliwa alivuka, akalikuta kaburi limeshaota nyasi. Dada yake alibaki ndani ya nyumba na mlango ukiwa umefungwa.

Kwenye baraza la mwezi uliopita Ikapel alisimama mbele ya naibu wa chifu, Mzee Emukule. Alisema hakatai serikali, wala kodi. Alitaka tu watu wa mpakani waulizwe, hata mara moja, wanataka kuishi vipi na ndugu zao. Watu walitikisa vichwa kukubali. Emukule alimwahidi kufikisha neno lake juu, na mpaka sasa jibu halijarudi.

"Wazungu hawakumuuliza baba, nikaelewa, walikuwa wageni," Ikapel anasema. "Hawa ni wetu. Ndiyo maana inauma."

Akishavuna wimbi atavuka tena, na mbuzi mmoja na nguo nyeusi ya kumpa Adeke, ili wamalize pamoja kilio cha mama yao. Mkewe, Phoebe, anamshauri aingie tu, kwani ni kwa dada yake. Ikapel anakataa.

"Nitasimama nje ya boma na kumuuliza kama naweza kuingia," anasema. "Akisema hapana, nitarudi nyumbani, nije siku nyingine nimuulize tena."