Pampu ya Moto ya Schaerbeek

Juzi, kwenye soko la vitu vya kale, niliona pampu ya zamani ya kuzimia moto, ya mbao na shaba, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, Schaerbeek, mtaa wa ughaibuni tulikokimbilia. Wazima moto walileta uwanjani pampu kama ile, ikinuka ngozi iliyolowa, wakaturuhusu watoto kuisukuma. Mpini ulilia kwi kwi, maji yakaruka kupita mapaa. Nilidhani yanakwenda Bujumbura, tulikoacha nyumba yetu ikiungua.

“Maman, sukuma! Bado inaungua!”

Mama hakucheka. Alivua koti, akashika mpini wa upande wa pili, tukasukuma mpaka maji yakaisha.

“Bon, mutoto yangu, moto imezimika.”

Sikuota tena ndoto za moto. Namshukuru hadi leo, kwa sababu yeye alijua ukweli wote, na hata hivyo alisukuma.